Babu wa Simulizi na Babu wa Nyaraka

Maisha ya babu au bibi aliyezaliwa Afrika Mashariki kabla ya mwaka 1930 hufuatiliwa kwa vyanzo vya aina mbili. Aina ya kwanza ni simulizi za waliomjua: watoto wake, wajane, majirani na watu wa rika lake. Aina ya pili ni karatasi: rejista za kanisa, vitambulisho, majalada ya wilaya, hukumu za mabaraza na orodha za jeshi. Vyanzo hivi viwili humchora mtu mmoja kwa sura tofauti. Jamaa humkumbuka kama baba, mume au jirani mkorofi. Ofisi ilimwandika kama mlipakodi, kibarua, muumini, mshtakiwa au askari. Kazi ya mtafiti ni kutambua kila chanzo kilitoka kwa nani na kwa haja gani, kisha kukiamini katika yale ambayo msemaji au mwandishi wake alikuwa na njia ya kuyajua na hakuwa na sababu ya kuyapindisha.

Mfano mmoja unaojulikana duniani ni wa Hussein Onyango Obama, Mjaluo aliyefanya kazi ya upishi katika nyumba za Wazungu nchini Kenya na kufariki mwaka 1979. Mjukuu wake, Barack Obama, ambaye baadaye alikuwa rais wa 44 wa Marekani, hakuwahi kukutana naye. Alipata habari za babu yake alipokwenda Kogelo, kijiji cha familia hiyo, katika miaka ya 1980, akaeleza aliyoyapata katika kitabu *Dreams from My Father*, kilichotoka mwaka 1995. Kisa hicho kina simulizi ndefu ya mjane, kina kitambulisho cha serikali ya kikoloni, na kina mambo ambayo bado yanabishaniwa. Kwa hiyo kinafaa kuonyesha hatua za utafiti huu moja baada ya nyingine.

Wanaokumbuka

Kukusanya simulizi hutangulia kutafuta karatasi, kwa sababu wazee huondoka na majalada hubaki. Wa kuanza naye ni mzee kuliko wote, hata kama si ndugu wa karibu. Baada yake watafutwe watu wa nje ya familia: aliyetahiriwa pamoja na babu, aliyepakana naye shamba, mtoto wa mwajiri, katekista wa zamani. Watu wa nyumba moja aghalabu hurudia toleo moja, lile lililokwisha kukubaliwa na kusomwa msibani. Wasifu wa marehemu ni chanzo kizuri kwa majina ya wake, watoto na shule, lakini mambo yenye aibu au ugomvi huwa yamekwisha kuondolewa humo.

Swali la jumla huzaa sifa, na swali la kitu mahususi huzaa habari. Mzee akiulizwa marehemu alikuwa mtu wa namna gani, atajibu kwamba alikuwa mchapakazi na mpenda watu. Akiulizwa nani alilipa mahari ya mke wa kwanza, kodi ililipwa kwa chifu yupi, bwana mwajiri aliitwa nani, au nyumba ya zamani ilikuwa upande gani wa mto, atataja majina na mahali, na kila jina ni mlango wa kuingilia kwenye nyaraka. Mazungumzo yarekodiwe kwa simu au kinasa sauti baada ya kuomba ruhusa, na yafanyike katika lugha ambayo mzee anaizungumza bila kutafuta maneno.

Simulizi ya Onyango ilipita mikononi mwa watu watatu. Mjane wake, Sarah, aliieleza kwa Kijaluo. Mjukuu, Auma, akaifasiri. Mjukuu mwingine, Barack, akaiandika kwa Kiingereza miaka kadhaa baadaye. Katika kila hatua jambo linaweza kupungua au kupambwa, na ndiyo sababu sauti ya kwanza huhifadhiwa kama ilivyo hata baada ya kufasiriwa.

Nafasi ya msimulizi nayo huchunguzwa. Sarah, aliyefariki Machi 2021 akiwa na umri wa miaka 99, alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Habari za Onyango kuondoka kwao akiwa kijana, kwenda Kisumu na kurudi akiwa amevaa suruali, shati na viatu vya kizungu, zinahusu wakati ambao yeye alikuwa hajazaliwa. Habari za nyumba yao baada ya ndoa aliziona kwa macho yake. Kwa hiyo kila taarifa huwekwa katika moja ya mafungu matatu: aliyoyaona msimulizi, aliyoambiwa na mhusika mwenyewe, na yaliyokuwa yakisemwa kijijini. Fungu la tatu lisitupwe, ila lisiandikwe kana kwamba ni la kwanza.

Majina

Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina la jandoni, jina la ubatizo au la Kiislamu, jina la utani na jina alilopewa na karani. Mtafiti huandaa orodha ya majina yote pamoja na namna zote zinazowezekana za kuyaandika kabla ya kufungua jalada lolote. Makarani Waingereza, Wajerumani, Wahindi na Waafrika waliandika walivyosikia. Herufi l na r zilibadilishana nafasi, ng' iliandikwa n au ng, na irabu za mwisho zilidondoshwa. Katika nyaraka za Kijerumani za Tanganyika, sauti sh huandikwa sch, na j mara nyingi huandikwa dj au dsch.

Mila ya kutoa majina hueleza pia jina la pili linatoka wapi. Onyango alikuwa mwana wa mtu aliyeitwa Obama, na jina hilo likawa la ukoo vizazi vilivyofuata vilipoanza kuandikwa kwa desturi ya kizungu. Kabla ya hapo, jina la pili la mtoto lilikuwa la baba yake, na lilibadilika kila kizazi. Pwani, mfuatano wa bin na binti huweza kurudisha nasaba nyuma kwa vizazi vitatu au vinne katika hati moja. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mila hiyo humsaidia mtafiti kukisia jina la baba wa babu, lakini humtega pia: jina lilelile hujirudia kila baada ya kizazi kimoja, na matendo ya watu wawili huunganishwa kwa urahisi kuwa ya mtu mmoja.

Miaka

Tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kitambulisho cha mzee haina budi kutiliwa shaka, hasa ikiwa ni tarehe 1 Januari. Mara nyingi ilikadiriwa na karani siku ya kuandikishwa. Mwaka wa kuzaliwa wa Onyango hutajwa kuwa takriban 1895, lakini yako makadirio yanayomzeesha kwa miaka mingi zaidi. Umri unaokadiriwa huweza kubanwa kwa kutumia matukio ambayo tarehe zake zinajulikana.

Matukio hayo ni ya eneo husika. Kusini mwa Tanzania kuna Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata. Kuna pia kimbunga kilichopiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952. Ugogo kuna njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920. Kando ya Ziwa Victoria kuna reli iliyofika Kisumu Desemba 1901. Kila mahali kuna homa kali ya mafua ya 1918. Mzee akisema babu yake alikuwa akichunga mbuzi wakati wa Mtunya, na wachunga mbuzi kwa kawaida ni watoto wa kati ya miaka sita na kumi, basi alizaliwa kati ya 1907 na 1914. Tukio la pili, mfano kwamba alioa kabla ya vita vya pili vya dunia, hupunguza upana wa makadirio. Palipo na marika yenye majina, kama kwa Wakalenjin, Wamasai na Wakikuyu, jina la rika hutoa mwaka au kipindi cha tohara, na kutoka hapo makadirio ya umri huweza kubanwa zaidi.

Makadirio yaandikwe kama makadirio. Kuandika "kati ya 1907 na 1914" ni sahihi. Kuchagua 1910 kwa sababu inapendeza ni kuanzisha kosa ambalo wajukuu watalinakili.

Karatasi zilizo nyumbani

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, sanduku la mabati, mkoba wa ngozi na kurasa tupu za Biblia au msahafu huchunguzwa. Vitu vya kutafuta ni risiti za kodi, barua, vyeti vya shule, hati za shamba, kitabu cha akiba cha Posta, medali, picha na kipande. Nyuma ya picha za zamani hupatikana muhuri wa studio, ambao hutaja mji na kusaidia kukisia mwaka.

Kipande ndicho kitambulisho kilichowafunga wanaume wengi zaidi nchini Kenya. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita vya kwanza vya dunia. Kila mwanaume Mwafrika aliyefikia miaka 16 alitakiwa kukibeba. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kilikuwa na alama za vidole, jina, kabila, wilaya, majina ya waajiri, mshahara na tarehe za kuanza na kumaliza kazi. Lengo lilikuwa kumnasa kibarua aliyetoroka kabla ya mkataba kuisha, na kwa sababu hiyo safari za kazi za mwenye kipande huonekana humo kwa mpangilio ambao kumbukumbu ya familia haiwezi kuwa nao.

Watumishi wa nyumbani waliandikishwa pia chini ya sheria yao peke yao, na Sarah alikuwa amehifadhi kijitabu cha Onyango cha aina hiyo. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole na maelezo ya mwili: urefu, rangi, umbo la pua, meno sita yaliyokosekana. Yalifuata maoni ya waajiri. Mmoja alisifu mapishi yake, hasa vitu vya kuokwa, na kueleza kwamba aliweza kusoma na kuandika Kiingereza. Mwingine aliandika kwamba hakustahili mshahara wa shilingi 60 kwa mwezi.

Kijitabu hicho kinathibitisha mambo ambayo simulizi isingeweza kuyathibitisha yenyewe: kwamba alijua kusoma, kwamba alifikia ngazi ya mpishi anayeaminiwa na nyumba za maofisa, na kwamba ujira wake ulifikia kiwango fulani. Kinaonyesha pia kwamba mtu ambaye nyumbani aliogopwa kwa ukali wake alikuwa akikaguliwa meno na kupimwa thamani kwa sentensi moja na mtu aliyemlipa. Lakini maoni ya mwajiri yalikuwa silaha. Neno moja baya lingeweza kumnyima mtumishi kazi inayofuata, na aliyesema kwamba mpishi hafai huenda alikuwa amegombana naye kuhusu mshahara uleule alioutaja. Sifa na lawama za kijitabu husomwa kama maneno ya upande mmoja wa mkataba.

Kanisa na kadhi

Kabla ya serikali kuwaandikisha watoto wa Kiafrika kwa ujumla, misheni ziliandikisha waumini wao. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS) walianzisha Freretown, Mombasa, katikati ya miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini. Rejista za misheni kama hizo zinaweza kumrudisha mtafiti hadi karne ya 19.

Katika parokia za Kikatoliki, vitabu vya zamani viliandikwa kwa Kilatini. Maneno yanayohitajika si mengi: *natus* ni aliyezaliwa, *filius* ni mwana, *filia* ni binti, *patrinus* ni msimamizi wa ubatizo. Tarehe ya ubatizo isichukuliwe kuwa tarehe ya kuzaliwa, kwani wengi walibatizwa wakiwa watu wazima. Pembeni mwa ukurasa ndipo penye hazina: sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliagiza kipaimara na ndoa viandikwe kwenye rejista ya ubatizo, hata kama vilifanyika parokia nyingine. Kijana aliyebatizwa Bukoba akaoa Dar es Salaam anaweza kupatikana kwa maandishi ya mstari mmoja katika ukingo wa rejista ya kwao. Jina la msimamizi hufaa pia, maana mara nyingi alikuwa ndugu, mwalimu au jirani.

Kwa familia za Waislamu wa pwani na visiwani, hati muhimu ni za ndoa na talaka, mirathi na wakfu. Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, iliyoko Kilimani, ina majalada ya mahakama, hati za ununuzi wa nyumba na mashamba, na kumbukumbu za mirathi, baadhi yake kwa Kiarabu au kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Kesi ya mirathi ni ushahidi wenye nguvu juu ya ukoo, kwa sababu warithi walitajwa majina na uhusiano wao na marehemu mbele ya wapinzani waliokuwa tayari kuwakanusha.

Nyaraka za taifa

Hifadhi ya Nyaraka ya Kenya iko katikati ya jiji la Nairobi, katika jengo lililokuwa la benki. Ya Tanzania iko Upanga, Dar es Salaam, na humo yamo majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyoingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Mgeni wa hifadhi hizi hutarajia kutafuta jina la babu. Majalada hayakupangwa kwa majina ya watu wa kawaida. Yamepangwa kwa idara, jimbo na wilaya. Kinachotafutwa kwanza ni eneo na mwaka, kisha jambo: ripoti za mwaka za wilaya, ripoti za makabidhiano kati ya ofisa na ofisa, migogoro ya ardhi, uteuzi wa machifu na wazee wa baraza, kesi, leseni za biashara.

Mipaka ya utawala ilihamahama, na mtafiti asiyejua historia yake hutafuta kwenye rafu isiyo yake. Onyango alitoka Kendu Bay, kisha akahamisha familia Alego, kulipo Kogelo. Kendu ilikuwa katika wilaya ya Kavirondo Kusini, ambayo makao yake yalikuwa Kisii. Alego ilikuwa Kavirondo ya Kati, chini ya Kisumu. Leo sehemu hizo ziko katika kaunti za Homa Bay na Siaya. Tena, Nyanza yote, ambamo sehemu hizo zimo, ilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda hadi mwaka 1902, hivyo barua za maofisa za kabla ya hapo ziko chini ya Uganda. Kwa upande wa pili wa mpaka, Rwanda na Burundi zilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi wakati wa vita vya kwanza.

Kazi ya mkataba nayo huwatawanya watu mbali na wilaya zao. Mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalitegemea manamba kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuandikisha vibarua, kilichojulikana kama Silabu. Babu aliyefia Muheza anaweza kuwa ameandikwa Kasulu, mahali alipoandikishwa, badala ya Tanga alikoishi miaka 30.

Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, ina barua za Wizara ya Makoloni: fungu la CO 533 ni la Kenya na CO 691 la Tanganyika. Fungu la FCO 141 lina majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni wakati wa uhuru na kufichwa kwa miongo kadhaa, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau, vuguvugu lililopinga ukoloni nchini Kenya, ilipoilazimisha serikali ya Uingereza kukiri mwaka 2011 kwamba yapo.

Babu aliyekwenda vitani

Vita viwili vya dunia viliwaandika wanaume wengi sana wa Afrika Mashariki, lakini si kwa usawa. Katika vita vya kwanza Waingereza walichukua mamia ya maelfu ya wapagazi, na inakadiriwa kwamba takriban 95,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba kati ya watu 116,000 na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao mahali popote au hawakukumbukwa kabisa. Familia inayosema babu mkuu alichukuliwa kariakoo, yaani upagazi wa vita, na hakurudi isione kutoonekana kwa jina lake kuwa ushahidi dhidi yake.

Kwa vita vya pili hali ni bora. Waliofia jeshini wameandikwa katika daftari la tume hiyo, linalopatikana bure kwenye intaneti, kwa jina, namba, kikosi na tarehe ya kifo. Walionusurika hutafutwa kupitia kikosi. Vikosi vya keya, yaani King's African Rifles, viliandikwa kwa namba na herufi za nchi: K kwa Kenya, TT kwa Tanganyika, U kwa Uganda, NY kwa Nyasaland. Kikosi kikijulikana, shajara yake ya vita huweza kusomwa Kew; za vikosi vilivyokuwa Burma ziko katika fungu la WO 172. Shajara hutaja kwa nadra askari mmojammoja, lakini hueleza kikosi kililala wapi kila siku, mvua ilinyesha vipi, nani alishambuliwa.

Medali husaidia kujua medani. Nyota ya Afrika ilitolewa, pamoja na kwingine, kwa waliopigana Uhabeshi na Somalia mwaka 1940 na 1941. Nyota ya Burma kwa waliofika huko kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945. Medali za Waingereza za vita hivyo nyingi hazikuchongwa jina, kwa hiyo kuwa na medali sandukuni hakuthibitishi peke yake ni ya nani.

Kwa mujibu wa simulizi ya Kogelo, Onyango alifuatana na kapteni wa Kiingereza kama mpishi akafika Ceylon, Burma, Arabuni na Ulaya. Sehemu ya simulizi hiyo inalingana na mwendo wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopelekwa Ceylon mwaka 1943, ikapigana katika Bonde la Kabaw mwaka 1944 na kuuteka mji wa Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi Desemba. Kufika Ulaya hakulingani, kwa kuwa vikosi vya mapigano vya Afrika Mashariki havikupelekwa huko. Mpishi wa ofisa angeweza kusafiri nje ya njia ya kikosi, lakini dai hilo linahitaji ushahidi wake.

Bibi, na wanawake kwa jumla

Kipande kiliwahusu wanaume. Kodi, jeshi na mikataba ya kazi vilimwandika mwanaume, na mke akatajwa kama mtegemezi wake. Bibi hupatikana zaidi katika rejista za ubatizo na ndoa, shule za wasichana za misheni, hospitali, na kesi za mabaraza ya wazee kuhusu mahari, talaka na malezi ya watoto. Kesi za mahari hufaa kwa namna ya pekee, kwa kuwa zilitaja idadi ya ng'ombe, nani alilipa na mke alirudi kwao lini.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika familia ya Onyango. Akumu, mama mzazi wa Barack Obama mkubwa, baba wa rais, aliondoka kwa mumewe na kurudi kwao Kendu, watoto wakalelewa na Sarah. Kilichoandikwa kumhusu kimetoka hasa katika simulizi ya mke mwenzake aliyebaki. Sarah hakuhitaji kuwa na nia mbaya ili simulizi hiyo iwe na upande. Katika hali ya namna hii, habari za mke aliyeondoka hutafutwa kwa ndugu zake wa kuzaliwa na kwa watoto aliozaa baadaye, si katika boma alilolikimbia.

Ushahidi unapogongana

Jambo linalobishaniwa zaidi katika maisha ya Onyango ni kufungwa kwake. Katika kitabu cha mjukuu, alizuiliwa kwa zaidi ya miezi sita kisha akaonekana hana hatia. Desemba 2008 gazeti la *The Times* la London lilichapisha maelezo ya Sarah kwamba alifungwa miaka miwili kuanzia 1949 na kuteswa. Mwaka 2012 mwandishi David Maraniss, aliyewahoji watu waliomfahamu Onyango, alitilia shaka habari hiyo.

Hatua ya kwanza ni kupanga tarehe. Kufungwa kwa mtu wa zama hizo huhusishwa upesi na Mau Mau, lakini Mau Mau ilipigwa marufuku Agosti 1950, na hali ya hatari ikatangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kambi za kuwazuilia watu kwa maelfu zilifuata baada ya hapo. Mtu aliyekamatwa mwaka 1949 kwa kawaida angepitia polisi, mahakama na gereza, na hivyo angeacha alama katika rejista za vyombo hivyo. Hatua ya pili ni kuuliza kama msimulizi angeweza kuunganisha matukio mawili, au kama simulizi ilikua baada ya mambo ya Mau Mau kujulikana kote. Hatua ya tatu ni kukumbuka kwamba maofisa walichoma nyaraka nyingi kabla ya uhuru, kwa hiyo jalada kutopatikana si sawa na tukio kutotokea. Uamuzi sahihi ni kuandika matoleo yote, kila moja na mwenyewe, na kueleza lipi lina ushahidi wa nje. Kuchagua toleo linaloipa familia heshima zaidi, au linalovuma zaidi magazetini, ni kuacha utafiti.

Siri na vinasaba

Utafiti wa ukoo hufukua mambo yaliyozikwa kwa makusudi: mtoto wa nje, mke wa siri, uhaini, utumwa. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Wako wajukuu wa watumwa na wa mabwana wanaoishi mtaa mmoja leo, na nasaba iliyobuniwa ili kuficha asili bado huamua ndoa na urithi katika baadhi ya familia. Mtafiti huandika ukweli katika kumbukumbu zake, lakini hupima nani ataumia akiutangaza, hasa akiwa mtu aliye hai.

Vipimo vya vinasaba huweza kuthibitisha undugu ambao karatasi hazikuuandika. Mtu hurithi kwa wastani robo ya vinasaba vyake kutoka kwa kila babu na bibi, na mabinamu wa kwanza kwa wastani wana takriban asilimia 12.5 ya vinasaba vinavyofanana. Hivyo kulinganisha watu wawili walio hai hutoa jibu la kuaminika. Makisio ya asili ya kikabila ni dhaifu zaidi, kwa kuwa hazina za kampuni nyingi zina sampuli chache za Afrika Mashariki. Anayepima akubaliane mapema na ndugu zake kuhusu watakalofanya endapo matokeo yatakana jambo lililoaminiwa.

Kuandika na kuhifadhi

Matokeo huandikwa kwa mpangilio wa miaka, na kila taarifa hufuatwa na chanzo chake: nani alisema, lini, katika lugha gani, au jalada namba ngapi, ukurasa upi, hifadhi ipi. Taarifa zisizo na hakika huwekwa alama. Mapengo huachwa wazi kwa kutaja miaka inayokosekana, kwa sababu pengo lililotajwa huonyesha mtafiti anayefuata aanzie wapi.

Karatasi halisi hubaki kwa familia, zikiwa zimepigwa picha pande zote mbili na kuwekwa mbali na unyevu, mchwa na jua. Gundi na plastiki ya kubandikia huharibu karatasi ya zamani. Rekodi za sauti hunakiliwa mahali pasipopungua pawili, na nakala ya maandishi hugawiwa kwa kila mlango wa ukoo. Familia ikiridhia, nakala nyingine hupelekwa katika hifadhi ya taifa au maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu, pamoja na maelezo ya sehemu zipi zinaweza kusomwa na umma sasa na zipi zisubiri mpaka wahusika walio hai wawe wamefariki.